Jicho la Amulen

Aliyesoma wasifu wa mama yangu siku ya mazishi alisema marehemu alikuwa mke mpole na mcha Mungu. Halafu akakunja karatasi, tukaimba. Mimi ni binti yake, Kate. Mcha Mungu alikuwa. Mpole hakuwa hata kidogo, na wanaojua zaidi ya hayo walikuwa wamekaa palepale wakiitikia wimbo.

Jina lake lilikuwa Amulen. Alizaliwa Mukuju, kwa Waiteso wanaolima muhogo na mtama, akaolewa Busia ya Uganda na baba yangu, Mangeni, Msamia aliyekuwa akipakua mizigo ya malori mpakani. Baba alipofariki, mama alibaki na ndugu yangu Ronald, na mimi, na kibanda cha mitumba sokoni. Aliuza nguo za watoto wachanga: soksi ndogo kama vidole gumba, sweta, kofia na shali. Asubuhi wanawake walipokuwa wakivuka kwa miguu kutoka upande wa Kenya, sauti yake ilikuwa inawafikia kabla hawajamwona.

"Wewe mama tumbo! Unapita tu? Huyo mtoto atazaliwa uchi kama Adamu?"

"Adamu alipewa majani, mama."

"Majani ni bei ya juu siku hizi. Kuja uchukue sweta."

Walicheka na kununua. Kila nguo aliinusa kwanza kabla ya kuikunja, na yenye harufu ya dawa alirudi nayo nyumbani akaifua yeye mwenyewe. Alisema ngozi ya mtoto haina mlango, kila kitu kinaingia.

Huyo ndiye mwanamke ambaye watu wa kwetu walisema ana jicho, kwamba akimtazama mtoto, mtoto huugua.

Neno hilo lilianza akiwa bado bi arusi. Alimwona mtoto wa jirani, mnene, akamsifu kwa sauti: "Huyu amenona kama ndama!" Hakutema mate pembeni kama watu wa hapa wafanyavyo wakisifu mtoto. Kwao labda hawakufanya hivyo, au alisahau kwa furaha. Siku hiyohiyo mtoto akaharisha. Alipona, akakua, sasa ni mwanamume anayeendesha lori. Lakini neno halikupona. Shangazi yangu Maximilla, dada ya baba, aliyerudi kukaa boma letu baada ya ndoa yake kuvunjika, alilitunza kama mtu atunzavyo mbegu, akisubiri mvua.

Niseme pia kwamba sisi ni watu wa kanisa. Shangazi ndiye kiongozi wa akina mama wa kanisa letu mpaka leo. Ukimuuliza kama anaamini jicho, atakuambia damu ya Yesu imemaliza mambo hayo yote. Lakini mtoto mchanga kwetu hafunuliwi uso mbele ya watu. Hufungwa shali mpaka asionekane, na ukiuliza sababu unaambiwa ni vumbi la malori. Hata msimu wa mvua, barabara ikiwa tope, ni vumbi la malori.

Ronald ni fundi wa pikipiki. Alimwoa Felistus, msichana wa Busia ya Kenya anayeuza viatu na kuvuka kila siku. Walipopata mtoto wa kwanza, mvulana, walimwita Rasto, jina la babu yake baba. Mama alifunga kibanda siku hiyo, jambo ambalo hakulifanya hata akiwa na malaria. Alichagua shali ya manjano kutoka kwenye bunda lake, iliyo bora kuliko zote, akampelekea Felistus ya kumfunika mtoto miguu.

Siku ya chanjo walikwenda kliniki pamoja, Felistus amembeba mtoto, mama amebeba mfuko, na shangazi Maximilla amebeba mwavuli. Sista wa pale alikuwa na mdomo mkali. Aliwapanga akina mama kwenye mabenchi, akaenda kutoka mmoja hadi mwingine akifungua shali.

"Hii ni nini? Mmeniletea watoto au chapati? Mnawafunika wasipoe?"

Benchi zima likacheka.

"Chekeni, lakini sikieni. Mtoto alale chali. Si tumbo, si ubavu, chali. Godoro gumu. Mto hakuna. Blanketi laini na mdoli, hakuna. Shali kichwani, hakuna. Awe na mahali pake peke yake, si katikati ya baba na mama. Na uso uwe wazi. Mtoto anapumua kwa uso, hapumui kwa miguu."

"Akitapika akiwa chali je, sista?" mwanamke mmoja aliuliza. "Si atapaliwa?"

"Atageuza kichwa, atameza, atakohoa. Mungu alimfunza hayo tumboni. Kumlaza kifudifudi ndiko kunakoziba pumzi, ndiko kunakoua."

Wote walisikia. Nalisema hili kwa sababu baadaye kila mtu alidai hakusikia. Shangazi Maximilla alikuwa ameitikia "amina".

Wiki hiyohiyo mama aliingia chumbani kwa Ronald kuchukua beseni. Alimkuta Rasto kwenye kitanda kikubwa, amelazwa kifudifudi juu ya mto wa sponji, na ile shali ya manjano imezungushwa kichwani mara mbili. Shingo yake ilikuwa imelowa jasho. Mama akamgeuza chali, akamfungua uso, akampuliza.

"Wifi." Shangazi alikuwa amesimama mlangoni. "Unatafuta nini usoni mwa mtoto?"

"Natafuta pua," mama akajibu. "Naona mmeificha."

"Ni vumbi."

"Vumbi gani? Mlango umefunga, dirisha umefunga. Labda ni vumbi ya kwa roho yako."

"Mama Ronald, usinitukane kwenye boma la kaka yangu."

"Sikutukani, wifi. Sista alisema—"

"Sista hajui watu wa hapa. Sista hajui nani anaingia na nani anatoka."

Felistus aliingia akiwa na maji mikononi. Aliwaangalia wote wawili, akampita mama, akamchukua mtoto. "Pole, mama," alisema bila kuinua macho, na huku anasema pole mikono yake ilikuwa inarudisha shali.

Jioni hiyo Rasto alilia. Watoto hulia jioni, kila aliyewahi kulea anajua. Lakini bomani kila mtu alikuwa akihesabu tangu saa mama alipomfungua uso, na hakuna aliyehesabu kwa sauti.

Kesho yake mama alimfuata Ronald kwenye gereji yake.

"Wewe ni baba. Ondoa hiyo nguo kwa uso wa mtoto."

"Mama, we acha tu," Ronald akasema, akiwa ameinama kwenye injini. "Akifunikwa halafu akiugua, hakuna atakayekutaja wewe. Mimi nakulinda."

"Unalinda mimi ama mtoto?"

"Wote wawili."

"Shali moja haitoshi watu wawili, Ronald."

Nampenda ndugu yangu, na namwombea kila siku, lakini hilo ndilo jibu alilompa mama yake: alitafuta spana.

Tangu hapo mama alikaa mbali na chumba kile. Si kwamba alikubali. Aliniambia hivi nilipokuja kutoka Tororo, ambako nilikuwa nauza kwenye duka la vifaa vya ujenzi: "Nikimshika mtoto, watamfunga mara mbili. Nikikaa mbali, labda watasahau kumfunga." Hiyo ndiyo hesabu aliyobakiwa nayo, kwamba upendo wake ukae mbali ili usimletee mtoto madhara.

Jumapili moja akina mama wa kanisa walikuja kumwona mtoto. Mimi nilikuwa Tororo. Haya nimeyapata kwa mama, na baadaye kwa Felistus mwenyewe. Walikuja baada ya ibada, na sabuni na sukari na nyimbo zao, wakajaa sebuleni. Mtoto alinyonya, akalazwa chumbani, na kwa kuwa wageni walikuwa wengi alifunikwa zaidi ya siku zote, shali mbili, na leso ya shangazi juu yake. Alilazwa kifudifudi ili asishtuke kwa kelele. Mlango wa chumba ulikuwa pazia tu.

Mama alikuwa nje anapika. Aliingia na sufuria ya chai, akauliza, "Mtoto ameamka?" Wakasema amelala. Akaingia na mandazi, akauliza tena. Shangazi akamjibu mbele ya watu, "Bwana asifiwe, mtoto analala vizuri akiachwa." Wanawake wawili watatu wakatazama chini. Mara ya tatu mama hakuuliza. Aliweka sahani mezani, akaenda mpaka kwenye pazia, akalishika.

Wimbo ulikatika katikati ya ubeti.

Mama aliniambia, "Kate, nilisikia macho yao kwa mgongo, kama mtu amenimwagia uji moto." Aliachia pazia. Akarudi kwenye jiko lake.

Felistus alipoingia kumnyonyesha, Rasto alikuwa ameshakufa.

Sitaandika ukelele wa Felistus. Nitaandika tu kilichofuata, kwamba kabla mtoto hajafunguliwa shali zote, shangazi Maximilla alitoka sebuleni akasimama uani na kusema kwa sauti, "Nani alishika hili pazia?"

Tabibu wa kliniki alisema hawezi kuapa. Alisema watoto wengine hufa usingizini na hakuna alama inayobaki, lakini aliuliza mtoto alilazwaje, na alipoambiwa, alivua miwani, akasema, "Mtoto ujao, alale chali. Uso wazi. Tafadhali." Shangazi alisema madaktari hawajui mambo ya nyumbani.

Mazishini, mhubiri alisoma maneno ya Ayubu: Bwana alitoa, na Bwana ametwaa. Mimi naiamini Biblia yote. Lakini siku ile nilishindwa kusema amina. Najua aliyetoa. Kuhusu aliyetwaa, nilikuwa nimeona leso ya shangazi imeanikwa kwenye kamba, imefuliwa, inapepea. Na mama yangu alikuwa amewekwa nyuma kabisa, ng'ambo ya ua, kwa sababu walisema asilikaribie jeneza. Jeneza lenyewe lilikuwa dogo kiasi kwamba Ronald alilibeba kwapani.

Baada ya hapo kibanda kilikufa. Wanawake wajawazito walipofika karibu na meza ya mama walivuka wakapita upande wa pili, mkono mmoja tumboni. Hata wale wa Kenya, ambao hawakuijua familia yetu, walishaambiwa. Alikaa na soksi zake na sweta zake zinazonukia sabuni, akiita, na hakuna aliyeitikia utani. Mwishowe alimpa mtu mwingine bunda lote akarudi Mukuju, kwa kaka yake Okia, akalima muhogo. Niliposhuka kwenda kumwona Jumapili, hakuulizia kibanda wala watu. Swali lake lilikuwa moja: "Felistus amebeba tena?"

Siku nilipomwambia ndiyo, hakucheka. Aliweka jembe chini, akakaa juu ya mpini.

"Watamlaza vilevile," alisema.

"Labda wamejifunza, mama."

"Wamejifunza nini? Wao wanajua aliyeua ni mimi. Mtu akijua mwizi ni nani, atabadilisha kufuli ya nini?"

Nilikwenda Busia mwenyewe. Nilizungumza na Ronald, akasema atazungumza na Felistus. Nilizungumza na Felistus, akasema, "Kate, mimi naogopa. We huogopi kwa sababu si wako." Nilimwendea mhubiri, akasema ataombea jambo hilo. Mama alituma ujumbe kwa sista wa kliniki, na sista akaenda mpaka nyumbani, akawaonyesha kwa mdoli namna ya kumlaza mtoto. Walimpa soda, wakamshukuru, wakamsindikiza mpaka barabarani.

Mtoto alizaliwa msichana, Sylvia. Picha ilikuja kwenye kundi letu la WhatsApp la familia: kitanda, mto mkubwa wenye maua, na juu ya mto bunda la shali nyeupe. Chini yake watu walikuwa wameandika "mzuri jamani", "amefanana na Ronald", "utukufu kwa Mungu". Nilimpa mama simu. Aliitazama muda mrefu, akaikuza kwa vidole, akaisogeza huku na huku.

"Mtoto iko wapi?" akauliza.

"Ndani ya shali, mama."

Akanirudishia simu. "Siku gani wanafanya shukrani ya mtoto?"

Nilimkatalia. Kaka yake Okia alimkatalia. Ronald alipiga simu mwenyewe akasema, "Mama, nakuomba, usije, utavunja watu moyo." Mama alimwitikia kila kitu, ndiyo baba, sawa baba. Siku ya shukrani alivaa gomesi yake ya kanisani, ile ya bluu, akafunga godoro dogo la sponji ngumu alilolikata yeye mwenyewe kwa kipimo cha mtoto, tukapanda boda mpaka Tororo, na kutoka Tororo mpaka Busia. Nilidhani anakwenda kugombana. Nilikuwa naomba moyoni Mungu amfunge kinywa.

Akina mama walikuwa sebuleni vilevile, wengi wao ni walewale. Felistus alikuwa amekaa na mtoto mapajani, bunda jeupe lisilo na uso. Mama alisimama mlangoni, hakuvuka kizingiti.

"Nimekuja kutubu," alisema.

Hakuna aliyemkaribisha. Hakuna pia aliyemfukuza. Kutubu ni neno linalofungua kila mlango wa kanisa letu.

"Miaka mingi mnasema mimi nina jicho. Mimi nakataa, nakasirika. Leo sikatai. Nina jicho. Nilipewa na mama yangu, na yeye alipewa na mama yake."

Kuna mwanamke aliyesema "Yesu" kwa sauti ndogo. Shangazi Maximilla alikuwa ameinuka nusu kutoka kwenye kiti.

"Nilisema!" akapaza. "Miaka yote nilisema, mkaniona mbaya!"

"Ulisema, wifi. Leo umeshinda. Sasa kaa, unisikie, maana mwenye jicho ndiye najua njia yake." Mama alishika fremu ya mlango. "Jicho yangu haiwezi mtoto aliye wazi. Nikimtazama na yeye ananitazama, inarudi kwangu, inanichoma mwenyewe. Lakini mkimfunika, hapo inamtafuta. Inapita kwa nguo kama maji. Hata nikiwa Mukuju. Hata nikiwa nimelala. Nyinyi mkifunga shali mnanifungulia mimi mlango."

Felistus alitoa sauti, si neno, sauti tu.

"Na mtoto akilala kifudifudi, kisogo kiko juu, hapo ndiyo jicho inaingia. Kisogo haina mlinzi. Mto ndiyo kiti yake. Kitu yoyote laini, blanketi, sponji inayozama, hapo inakaa inangoja. Na akilala katikati ya wakubwa, inajificha kwa miili yao. Mtoto wa kunishinda mimi ni ule analala chali, juu ya godoro gumu, peke yake, hakuna kitu karibu, uso wazi kabisa. Huyo siwezi. Nimejaribu, siwezi."

Nilikuwa nimesimama nyuma yake na godoro mikononi. Hapo ndipo nilipoyatambua. Yalikuwa maneno ya sista, moja baada ya jingine, hakuna hata moja lililosahaulika. Aliyageuza kuwa uchawi, kwa kuwa uchawi ndio waliousikiliza.

"Na watoto wengine?" akauliza mwanamke mmoja, mkono wake ukiwa juu ya mgongo wa kichanga alichokibeba. "Wa mtaani?"

"Wote," mama akasema. "Mtaa mzima. Upande wa Kenya pia."

Yule mwanamke alianza kufungua leso yake palepale. Mwingine akafuata. Felistus alikuwa anavuta shali, mkunjo baada ya mkunjo, na mama alipoona kwamba uso unakaribia kuonekana, aligeuka haraka akatazama barabara, wasije wakaogopa wakamfunika tena. Kwa hiyo hakumwona. Mjukuu wake alikuwa hatua chache kutoka kwake, wazi, na yeye alikuwa anatazama malori.

"Sitakanyaga hapa tena," alisema akiwa amewapa mgongo. "Lakini mkimfunika, nitajua."

Tuliondoka. Godoro nililiacha kizingitini. Baadaye nilisikia shangazi alilichoma nyuma ya choo kwa kuwa lilitoka mikononi mwa mama, akaenda mwenyewe kununua jingine gumu kuliko lile.

Tulipofika kwenye mti wa pale stendi mama alikaa chini, akanyoosha miguu kama mtu aliyetoka shamba. Mimi nilikuwa nalia kwa hasira.

"Mama, umesema uongo mbele za Mungu. Ndani ya maombi!"

"Mungu anajua ni uongo. Wao ndio hawajui."

"Ungesema ukweli!"

"Nilisema ukweli tangu Rasto alizaliwa. Ukweli haikutoa hata shali moja kwa kichwa ya mtoto." Alipangusa vumbi kwenye gomesi yake. "Uongo imetoa ngapi leo? Ulihesabu?"

"Na mimi je? Umesema linatoka kwa mama kwenda kwa binti. Mimi ni binti yako."

Hapo ndipo nilipoona uso wake ukivunjika. Alinishika mkono, akauweka mapajani mwake.

"Hiyo ndiyo naomba Mungu anisamehe," alisema. "Ile ingine siombi."

Kulikuwa na kijana wa Tororo, Ochwo, aliyekuwa ameahidi kuleta wazee wake kwetu. Habari zilimfikia kabla sijarudi kazini. Hakuniambia neno baya. Aliacha tu kupiga simu.

Nimeusoma sana mlango wa kwanza wa Kutoka tangu siku hiyo, wale wakunga wa Waebrania waliomdanganya Farao ili watoto waishi. Imeandikwa Mungu aliwatendea mema. Nimetafuta mema aliyotendewa Amulen, na bado natafuta. Sista wa kliniki alisema hajawahi kuona mwaka kama huo, akina mama wanakuja na watoto nyuso wazi, wanauliza magodoro magumu yanauzwa wapi. Aliwasifu. Alidhani ni yule mdoli wake aliyewafundisha. Na mama yangu, pale Mukuju, alianza kuumwa kichwa, ikawa presha, na dawa alizokuwa akinunua zilikuwa zinasaidia siku mbili na kukataa siku tatu. Kila Jumapili nilimwonyesha picha. Felistus alikuwa anazituma sasa bila kuogopa, Sylvia amelala chali kwenye kigodoro chake, mikono juu. Mama alizikuza kwa vidole.

"Pua ni ya kwetu," alisema mara moja. Akatema mate pembeni.

Mama alifariki kabla Sylvia hajaweza kukaa. Walimrudisha Busia akazikwa kando ya baba, kwa kuwa mila inataka hivyo, na walimzika upesi. Wanawake waliotoa heshima za mwisho walipita wakitazama juu ya jeneza, si ndani. Nimeshasema wasifu ulivyosomwa.

Watu walipokuwa wanakula, tuliingia sebuleni. Felistus alimlaza Sylvia kwenye kigodoro chake pembeni, akiwa macho, anapiga miguu. Shangazi Maximilla alikuwa na shali mabegani. Aliivua, akaikung'uta.

"Tumshukuru Mungu," alisema, "mwenye shida yake amepumzika. Sasa na sisi tupumzike. Felistus, mfunike mtoto, watu ni wengi na vumbi ni jingi."

Ronald alikuwa anakula. Felistus aliitazama shali, akanitazama mimi, kisha akatazama sakafu. Shangazi aliinama, na ukingo wa shali ukagusa paji la uso wa Sylvia.

"Shangazi," nikasema. "Mama alisema jicho linakwenda kwa nani?"

Mikono yake ilisimama. Chumba kilinyamaza kama nilivyosimuliwa kwamba kilinyamaza siku ya pazia.

"Kate, mwanangu," alisema taratibu, "usifanye mzaha siku ya mazishi."

"Sifanyi mzaha. Niliamka nalo leo asubuhi. Mfunike tu, ukitaka."

Felistus ndiye aliyeruka. Aliitoa shali mikononi mwa shangazi, akaitupa mlangoni, akamgeuza Sylvia vizuri, chali, akaondoa hata kitambaa kilichokuwa karibu na kichwa. Kisha akakaa kati yake na mimi, akinitazama kwa macho ambayo mama yangu aliyazoea, na mimi sijayazoea bado.

Niliyekaa naye kwenye benchi alichukua sahani yake akahama. Wa pili naye akahama. Nilimalizia chakula changu peke yangu, nikiwa nimegeuzia uso ukutani, nikisikiliza mtoto anavyopumua.